Tone la Refa

Wateja wake walimwita Fundi Miavuli, ingawa alitengeneza pia zipu, vishikio vya mikoba na magurudumu ya masanduku ya safari. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa kituo cha mabasi, na mvua ikianza kunyesha foleni yake ilifika hadi barabarani. Alikuwa na mikono myepesi. Ukimletea mwavuli uliopigwa na upepo ukageuka kama bakuli, aliuweka mapajani, akaupapasa ubavu mmoja mmoja kama daktari anayemkagua mgonjwa, akajua palipoumia kabla hata hajaufungua.

Mama mkwe wake hakuona maajabu yoyote katika mikono hiyo.

Mama mkwe alikuwa mwalimu wa michezo mstaafu, na kwa miaka mingi alichezesha mpira wa pete. Mji mzima ulimwita Refa. Hata mwanawe wa kumzaa, dereva wa lori la masafa marefu, alimwita hivyo pale alipokuwa na uhakika kwamba hamsikii. Siku dereva alipomleta Fundi nyumbani kama mchumba wake, Refa alimtazama yule binti kutoka utosini hadi kwenye kucha, akauliza, "Kwa hiyo mvua isiponyesha mtakula nini?" Akacheka mwenyewe. Binti naye alicheka kwa adabu, lakini neno lile lilimkaa rohoni. Baada ya harusi wakaishi nyumba moja, mwanamume yuko safarini nusu ya mwaka, na wanawake hao wawili wakazungumza kwa heshima nyingi kiasi kwamba mgeni angedhani wako benki.

Kisha Refa akaugua presha ya macho.

Daktari wa macho, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya polepole, alimweleza ugonjwa huo bila kumficha. Maji ndani ya jicho yanabana, mshipa wa kuonea unakufa kidogo kidogo, unaanzia pembeni, na hauumi. Ndiyo maana watu hawashtuki mpaka waanze kugonga milango. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone, asubuhi na jioni, inalinda kilichobaki.

"Kila siku?" aliuliza Refa.

"Kila siku, Mama. Maisha yote."

Tatizo lilikuwa mikono. Mikono ya Refa ilikuwa imeanza kutetemeka tangu alipostaafu. Kikombe cha chai alikishika kwa yote miwili. Sasa alitakiwa kuinamisha kichwa nyuma, kushusha kope kwa kidole, kuilenga chupa juu ya jicho na kubonyeza, yote kwa wakati mmoja.

"Mama, nikutilie dawa?" Fundi alimuuliza jioni ya kwanza.

"Nina mikono miwili, asante."

Alijifungia chumbani na chupa yake. Alipotoka, mashavu yalikuwa yamelowa. Fundi aliona, akameza maneno. Kubishana na Refa ndani ya nyumba yake kulikuwa ni kujitafutia kutolewa nje ya uwanja.

Waliporudi kliniki, daktari aliwawekea mezani picha mbili za kipimo cha upeo wa macho, ya mwanzo na ya sasa. Kwenye ile mpya, weusi wa pembeni ulikuwa umesogea ndani.

"Mama, dawa unaweka?"

"Kila siku."

"Na inaingia?"

Refa alichezea mkanda wa mkoba wake. "Mimi naiweka," alisema. "Kuingia au kutoingia, hayo ni mambo yake."

Fundi alitaka kucheka, kisha akayakumbuka yale mashavu yaliyolowa, kicheko kikamkauka.

Walipotoka nje, Refa aliketi kwenye benchi la korido, akasema akiutazama ukuta, "Mara nyingi inaangukia shavuni. Siku nyingine sikioni. Nikikosa naogopa kurudia, isije ikazidi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenishika uso. Mtu akikushika uso kama mtoto mchanga, kesho atakushika mkono kukuvusha barabara, keshokutwa atakukatia nyama kwenye sahani. Mimi bado nipo."

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe Fundi alimwelewa mama mkwe wake sawasawa, maana na yeye asingependa.

"Basi nisikushike," alisema. "Nikutengenezee kitu ushike mwenyewe."

"Mwavuli wa jicho?"

"Tuseme hivyo."

"Haya. Kwa sasa utanitilia wewe. Na mikono uoshe kwanza."

Kifaa cha kwanza kilikuwa pete ya waya wa ubavu wa mwavuli, imezungushiwa sponji, na chupa imening'inia juu yake. Refa alikigusa kwa kidole akakirudisha. "Unataka kunitoa jicho kabisa?" Cha pili kilikuwa kikombe kidogo kilichokatwa kutoka kopo la losheni, ukingoni kimevikwa sponji ile ile, kinakaa kwenye nyusi na mfupa wa shavu, hakitikisiki hata mkono ukitetemeka. Pembeni mwa chupa Fundi aliweka kibonyezo kirefu, ili mtu abonyeze kwa kiganja kizima badala ya vidole. Walijaribu kwa maji safi. Kikombe hakikutikisika, kweli, lakini kila tone lilipotaka kuanguka jicho lilifumba.

Fundi akaanza kulala chali sakafuni pale kibandani, kikombe usoni, akijichunguza. Mteja mmoja alidhani amezirai akaita watu. Hatimaye akagundua: jicho linafumba kwa sababu linaliona tone likija. Akatoboa tundu ubavuni mwa kikombe. Ukichungulia kwenye tundu, jicho linageukia pembeni, na tone linaingia lenyewe halijashtukiwa. Kwa tundu lile alijisikia bingwa. Alimpigia mume wake simu huko alikokuwa, akamweleza tundu mpaka salio likakata.

Lakini kwa Refa bado mambo hayakwenda. Alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena, akabonyeza tena. Maji yakamshuka hadi kwenye kola ya gauni.

"Mama, lile la kwanza liliingia!"

"Nitajuaje?" Refa alikiweka kifaa mezani kwa kishindo. "Jicho limeshazoea kulowa, halijui tena lipi ni tone na lipi ni chozi. Mchezaji akitupa mpira kwenye pete, haliwi goli mpaka nipulize. Hapa nabonyeza, sijui nimefunga, sijui nimekosa. Kitu chako hakina filimbi! Kipe filimbi!"

Fundi alichukia. Alikusanya vipande vyake akavirudisha kibandani, akisema moyoni kwamba mtu mwingine angeanza na asante.

Siku kadhaa baadaye alikuwa akirekebisha mwavuli wa kukunja, ule wa kitufe. Alibonyeza kujaribu. *Ta!* Mwavuli ukafunguka. Akaufunga, akabonyeza tena. *Ta!* Mikono yake ikasimama. Ndani ya mpini wa mwavuli kama huo kuna kishikizo kinachokaa na springi. Unakisukuma, kinakaza, hakifanyi kitu. Kikifika mahali pake kinateleza, kinalia na kuachia kwa pamoja. Yule mama aliomba filimbi, nayo filimbi ilikuwa mikononi mwake miaka yote hiyo.

Alikifunga kibanda mapema, jua likingali kali, akaanza kazi. Kishikizo alikipunguza kwa tupa mpaka kikawa chembamba kama ukucha. Sasa ukibonyeza, chupa ilibanwa kidogo kidogo. Tone lilipotoka, kishikizo kiliteleza, *ta*, na chupa ikaachiwa papo hapo, isiweze kutoa tone la pili mpaka uanze upya. Usipobonyeza mpaka mwisho, hakuna mlio.

Refa aliketi dirishani. Akaweka kikombe usoni, akatafuta tundu, akabonyeza.

*Ta.*

Alibaki hivyo hivyo, kichwa nyuma. "Imeingia," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Moja. Imeingia moja." Akashusha kifaa, akageuza uso upande wa ukuta. Fundi alijifanya anatafuta skrubu chini ya meza.

Daktari wa macho alikichezea kifaa kile kama mtu aliyepewa zawadi. Kisha akawa mkali. Sponji ile, alisema, ni nyumba ya vijidudu. Na mdomo wa chupa uko karibu mno na kope. Ukigusa kope, dawa nzima imechafuka, na mgonjwa anaweza kupata maambukizi ya kumpofusha haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Fundi alijisikia vibaya, hakuwa amelifikiria hilo hata chembe. Alirudi na kikombe cha mpira laini kinachochemshika, na chupa ameipandisha juu.

"Sasa ndiyo," alisema daktari. "Natamani kukipeleka kwenye maonyesho ya hospitali. Lakini usimwonyeshe mtu kabla hujaenda kwa wakala wa hataza. Hataza ndiyo haki ya mvumbuzi: unaeleza wazi jinsi kitu chako kinavyofanya kazi, na kwa kubadilishana na hilo, kwa miaka fulani hakuna anayeruhusiwa kukitengeneza bila idhini yako. Ukishakianika hadharani kwanza, haki hiyo inaweza kukuponyoka."

Wakala wa hataza alikuwa mwanamume mnene, ofisi yake ghorofa ya juu kabisa ya jengo lisilo na lifti, na wageni wote walifika kwake wakihema. Aliwapa maji kwanza, maswali baadaye. Alikichora kifaa pande zote, akasema atatafuta kama kuna aliyetangulia, akampa Fundi tarehe ya kurudi.

Siku hiyo Fundi alikwenda peke yake. Wakala alimgeuzia kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na mchoro wa nchi nyingine, wa zamani kuliko ndoa yake. Kikombe kinachokaa kwenye nyusi. Kibonyezo kirefu. Ubavuni, tundu.

"Hata tundu?" alisema Fundi.

"Hata tundu."

"Nililala chini kwa ajili ya tundu hilo. Watu wakaitwa."

Wakala hakucheka. "Ulilibuni kweli, hukumwibia mtu. Ila hukuwa wa kwanza. Hata wenye maabara kubwa hunikalia kwenye kiti hicho hicho wakiwa na uso kama huo wako." Akaisogeza kompyuta pembeni. "Sasa nisikilize. Nimepekua kila mahali. Kishikizo kinacholia na kuiachia chupa kwa mkupuo mmoja, ili mgonjwa ajue tone limetoka na lisitoke la pili, sijakiona popote. Hapo ndipo penye upya wako. Lilikuwa wazo la nani?"

*Langu.* Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Nilikitengeneza mimi," alisema Fundi.

"Nimeuliza wazo."

Fundi aliinuka. "Naomba nirudi kesho," alisema, akashuka ngazi zote zile bila kuzihisi.

Njia nzima alikuwa akijitetea. Nani alipunguza chuma kwa tupa mpaka vidole vikatoka malengelenge? Nani aliyeijua miavuli? Yule mama alilalamika tu, kama alivyolalamikia chumvi, mapazia na muziki wa majirani. Vitu alivyovibuni mwenyewe, vile alivyovionea fahari, vilikuwa vya mtu mwingine tayari. Na kile kimoja kilichobaki, katika dunia nzima, eti kitoke kwa aliyemuuliza mvua isiponyesha atakula nini! Wivu ulimpanda mpaka akajionea haya barabarani.

Alimkuta Refa sebuleni, akisikiliza mechi redioni na kumkosoa mwamuzi. Fundi aliketi bila kuvua viatu, akamweleza yote: mchoro, tundu, kishikizo, swali la wakala.

"Andika jina lako," alisema Refa. "Mimi nilikuwa napiga kelele tu."

"Ndivyo nilivyotaka, Mama. Sikufichi. Nimetembea kutoka huko nikiomba uwe umesahau."

Refa alinyoosha mkono, akapapasa redio mpaka akapata kitufe, akaizima.

"Sijasahau," alisema. "Tangu siku ile, nikiwa chumbani, najisemea: filimbi ile ni yangu. Halafu naona aibu. Mtu mzima mimi, nagombania mlio."

Aliyeanza kucheka ni Refa, na Fundi akafuata, na safari hii hakucheka kwa adabu. Walicheka mpaka Refa akaomba leso.

"Lakini nilikuuliza vibaya siku ile ulipoletwa hapa," alisema akijifuta. "Neno lilinitoka nikaliona linavyokuumiza, nikashindwa kulirudisha. Refa akishapuliza, hubaki hivyo hivyo. Ni tabia mbaya nyumbani."

"Yameisha, Mama."

"Hayajaisha. Ila tuendelee."

Kesho yake walipanda ngazi pamoja, wakipumzika kila ghorofa. Wakala alieleza kwamba sheria haimtafuti aliyeshika bisibisi peke yake. Aliyeleta wazo na aliyeligeuza kuwa kitu, wote ni wavumbuzi, na kumwacha mmoja nje kwaweza kuibomoa hataza yote. Akawaandika wawili. Alipofika kwenye jina la mama, Refa alimwomba alisome kwa sauti, na alipolisoma akamwomba alirudie.

Ombi lilikaa muda mrefu, mpaka wakaacha kuliulizia. Kisha mkaguzi wa ofisi ya hataza akaleta pingamizi. Vishikizo vinavyolia, alisema, viko kwenye kila mwavuli na kila kalamu. Kukiweka kwenye chupa ya dawa si uvumbuzi, ni pambo ambalo fundi yeyote angelifikiria. Aliwaita wajieleze.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye feni inayolalamika. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani shingoni. Wakala alizungumza sheria vizuri sana, naye akamsikiliza vizuri sana, na uso wake haukubadilika.

"Naomba kuelewa jambo moja tu," alisema. "Mlio unafanya kazi gani ambayo kifaa kisingeifanya bila mlio?"

Wakala alimgeukia Refa.

Refa alitoa kifaa cha aina ya zamani, kisicho na kishikizo, chenye maji safi. Mikono ikitetemeka, akakiweka usoni, akabonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena. Maji yakamchirizika shingoni, akayaacha.

"Yameingia matone mangapi, Mama?" Refa alimuuliza mkaguzi.

"Sikuweza kuona."

"Mimi pia. Na jicho ni langu."

Akachukua kifaa chao. *Ta.* Akakishusha. Shavu lilikuwa kavu.

"Moja," alisema. "Sikuhitaji kuuliza mtu."

Mkaguzi alimtazama Fundi. "Na kuachia?"

"Mlio na kuachia ni tendo moja," alisema Fundi. "Sikuongeza mlio juu ya kifaa. Kishikizo hakilii mpaka kiiachie chupa, na kikishaiachia hakuna tone la pili. Kwenye mwavuli kinafungua tu. Hapa kinapima."

Mkaguzi aliomba ajaribu mwenyewe. Alijaribu, akajaribu tena, akaandika. Mwisho akasema hawezi kuwapa haki juu ya kila kifaa cha macho kinacholia, lakini juu ya kishikizo hiki, kinachopima na kulia kwa pamoja, yuko tayari, ikiwa watapunguza dai lao liishie hapo. Wakala aliwatazama. Refa aliwahi kuona timu zikipoteza mechi kwa kung'ang'ania mpira.

"Linatutosha," alisema.

Hataza ilitoka. Hawakuwa matajiri. Karakana moja iliyokuwa ikitengeneza vifuniko vya chupa ilipewa ruhusa ya kuvitengeneza vifaa hivyo, na kundi la kwanza lilikwenda kliniki ya daktari wa macho. Refa alipopimwa tena, daktari aliziweka picha mbili kando kando, akazifuatisha kingo zake kwa kalamu.

"Weusi haujasogea," alisema.

Kilichopotea hakikurudi. Refa aliendelea kugonga kiti kile kile cha jikoni kwa upande wa kushoto. Lakini kilichobaki kilibaki, na asubuhi za kliniki alikuwa akikaa kwenye benchi la korido akiwafundisha wagonjwa wapya, akiwakaripia wanaofumba na kuwasifu wanaopatia, sauti yake ikisikika mpaka geti la nje. Dereva aliporudi kutoka safari ndefu hakumkuta mtu nyumbani. Aliwakuta kliniki, mama yake na mke wake, wamemzunguka mzee mmoja aliyepooza mkono wa kulia.

"Huyu matone anayaweza," Refa alimwambia mwanawe, hata salamu hajaipokea. "Chupa ya vidonge ndiyo haimfungukii. Anaing'ata kwa meno."

"Ishikwe chini, kifuniko kizungushwe," alisema Fundi, akiigeuzageuza chupa ya mzee mkononi.

"Kishikwe kifuniko, chupa yenyewe ndiyo izunguke mapajani. Ana nguvu za paja huyu, hujaona?"

"Mama, vidonge vitamwagika."

"Ndiyo ufikirie visimwagike!"

Dereva aliweka begi lake chini, akasogea kwenye benchi, akamsalimia mzee. Wanawake wale wawili walikuwa bado wanabishana.